Kengele ya Bibi Iliyonyamaza

Wenzangu wa Kidato cha Tatu wananitania siku hizi kwa jina la Fundi Kengele, na wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza wamelichukua jina hilo bila kujua lilikotoka. Basi Mhariri alipotangaza kwamba anataka habari za muhula huu, nikaona afadhali nieleze mambo haya mwenyewe. Habari ikipita vinywani hunenepa, na katika habari hii sehemu yangu si ya sifa kama wengi wanavyodhani.

Nyumbani kwetu ni hapa hapa mjini Sengerema, nasi tunakaa na bibi mzaa baba. Bibi aliishi miaka mingi Busisi, kando ya ziwa, na marehemu babu alikuwa mvuvi. Babu alipofariki, baba alimleta mjini ili apate kutunzwa, maana magoti yake yamechoka. Tangu nilipokuwa mdogo bibi huniita "mume wangu," kama ilivyo desturi ya mabibi na wajukuu wao, nami humjibu, "Naam, mke wangu, leo umenipikia nini?" naye hucheka mpaka machozi yakamtoka. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Kila usiku bibi huamka mara moja au mbili kwenda haja, na choo chetu kiko nje, ng'ambo ya ua. Wazazi hulala chumba cha mwisho. Sauti ya bibi imekuwa ndogo, na mvua ikipiga juu ya mabati hata mwenye sauti ya simba hasikiki. Kwa hiyo baba mdogo, ambaye anafanya kazi Mwanza, alipokuja kututembelea mwezi wa Januari alivuka lile daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, akatuletea vyombo viwili. Cha kwanza ni kengele isiyo na waya. Ina vipande viwili: kitufe kidogo chenye betri, ambacho bibi alikivaa shingoni kwa kamba, na kipokezi kinachochomekwa katika soketi ya ukutani. Ukibonyeza kitufe, kipokezi hulia kwa sauti kubwa. Cha pili ni swichi ya taa yenye rimoti, ili bibi aweze kuwasha taa ya chumbani mwake bila kuondoka kitandani.

Kipokezi cha kengele tulikichomeka katika soketi ya ukumbini, kwa kuwa ukumbi uko katikati ya chumba cha bibi na cha wazazi. Siku ya kwanza bibi alibonyeza mara nyingi kama mtoto, na kila mara mama alikuja mbio, hata mwisho mama akaomba apumzishwe. Kwa mwezi mzima na zaidi mambo yalikwenda vizuri.

Mwezi wa Machi nami nikataka kuonekana mtu mbele ya bibi. Nilikuwa nimepata fedha kidogo kwa kubeba matofali siku za Jumamosi, nikaenda dukani nikanunua balbu ya LED ya bei rahisi kuliko zote, nikaifunga ukumbini karibu na ile soketi, iwake usiku kucha na bibi aione njia. Bibi alinishukuru mbele ya watu wote. Lakini baada ya siku mbili tatu akasema, "Mume wangu, tangu ulete taa hii redio yangu inakoroma usiku. Ile stesheni ya mbali siisikii tena." Redio hiyo ni ya babu, ya mawe, na bibi hulala nayo mtoni. Mimi nilicheka, nikamwambia redio imezeeka kama mwenyewe. Tukayaacha hapo.

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, tuliamshwa na kishindo. Tulimkuta bibi sakafuni ukumbini, chini ya taa yangu inayong'aa, ameukalia mkono wake wa kushoto. Baba alimbeba, wakampeleka hospitali kwa bajaji usiku ule ule, wakarudi asubuhi. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umepata ufa, na bibi amefungwa hogo mpaka kwenye kiwiko.

Baba akamwuliza kwa upole, "Mama, kwa nini hukubonyeza kengele?"

Bibi akasema, "Nilibonyeza. Nilibonyeza mara saba. Hakuna aliyekuja, nikaona niende mwenyewe."

Hapo ndipo niliposema neno ambalo ningependa kulirudisha kinywani. Nilisema, "Kengele ni nzima, bibi. Huenda umesahau kubonyeza, au uliota tu." Ili kulithibitisha nikakichukua kitufe shingoni mwake, nikakibonyeza mbele ya wote, na kengele ikalia kwa nguvu. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilifurahi kama wakili aliyeshinda kesi. Bibi hakunijibu. Aligeuka akatazama ukuta, na tangu siku ile hakuniita mume wangu tena. Aliniita kwa jina langu la shule.

Majirani nao walikuja kutoa pole, kila mmoja na lake. Mmoja akasema vitu vya siku hizi ni takataka tupu. Mwingine akanong'ona kwamba heri tumtafute mganga aitazame nyumba. Baba akasema tutaanza kwanza na betri.

Basi betri tulibadilisha, na mambo hayakubadilika, ila sisi hatukujua kwa sababu tulikuwa tunaijaribu kengele mchana tu. Hili ndilo kosa ambalo Mwalimu wetu wa Fizikia amenilaumu nalo zaidi ya yote, na ana haki. Ugonjwa unaokuja usiku haupimwi adhuhuri.

Shaka iliniingia wiki moja baadaye, na haikutoka kwangu bali kwa dada yangu. Ilikuwa saa mbili usiku, amesimama mlangoni mwa bibi akibonyeza rimoti ya taa, na taa haiwaki. Akaja karibu, hatua moja moja, hata alipokaribia kuigusa swichi ndipo ikawaka. Akasema, "Hii nayo imekufa." Nikajiuliza: kengele na swichi ni vyombo mbalimbali, vina betri mbalimbali, na vimechomekwa mahali mbalimbali. Vyote viwili vitaguaje usiku mmoja? Nikavigeuza kutazama nyuma. Kengele imeandikwa 433.92 MHz. Rimoti nayo imeandikwa 433.92 MHz.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu wa Fizikia wakati wa mapumziko, nikamweleza yote, pamoja na lile neno nililomwambia bibi. Hakunikemea. Akaniuliza swali moja tu: "Kutoka kwenye kipokezi unaweza kwenda hatua ngapi kabla kengele haijakataa? Mchana ngapi, na usiku ngapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nisirudi kwake mpaka niwe na hesabu katika daftari.

Nilipima siku tatu mfululizo, mdogo wangu akisikiliza kengele nami nikitembea na kitufe. Saa nane mchana kengele ililia hata nilipofika hatua 41, nje kabisa ya ua. Saa mbili usiku ilikataa nilipofika hatua ya 5. Kutoka kitandani kwa bibi mpaka kwenye kipokezi ni hatua 9, na kuna ukuta katikati. Niliitazama hesabu ile kwa muda mrefu, kwa maana ilisema wazi kwamba bibi angeweza kubonyeza mara saba au mara sabini na asingesikika.

Mwalimu alipoiona akanieleza hivi. Kitufe cha bibi ni mtambo mdogo wa redio. Kinatoa mawimbi yanayotikisika karibu mara milioni 434 kila sekunde, na urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 69. Nguvu yake ni ndogo sana, kama mtu anayenong'ona. Kipokezi kwa upande wake ni sikio la bei rahisi, halichagui sana kati ya sauti na sauti. "Umewahi kumwita mtu ambaye amesimama kando ya mashine ya kusaga?" akaniuliza. "Wewe unapaza sauti, naye ana masikio mazuri, lakini hasikii kitu. Hakuna aliyekufa hapo, si wewe wala yeye. Basi nenda kaitafute mashine ya kusaga nyumbani kwenu."

Akatukumbusha darasani kwamba jambo hili si geni. Heinrich Hertz, yule Mjerumani ambaye jina lake tumeliandika mara nyingi kwenye madaftari yetu, alipoyaonyesha mawimbi ya redio miaka ya 1887 na 1888 alitumia cheche za umeme. Maana yake, kila mahali umeme unapokatwa na kurudishwa kwa ghafula, mawimbi hutoka, yawe yametakiwa au hayakutakiwa. Redio zilipoenea majumbani watu wakaanza kulalamika juu ya mashine na mota zinazowaharibia usikivu, na mwaka 1934 wataalamu wa mataifa mbalimbali wakakutana na kuunda kamati ya kuweka kanuni juu ya kelele hizo. Kamati hiyo iko hata leo, inaitwa CISPR.

Kisha akatusimulia habari ya Aberhosan, kijiji kidogo cha Wales. Kwa muda wa miezi 18 intaneti ya kijiji kizima ilikuwa inakatika kila siku saa moja asubuhi. Mafundi walibadilisha hata nyaya, wasione faida. Mwaka 2020 wakafika alfajiri na chombo cha kupimia mawimbi, wakatembea huku na huku kijijini, na ilipogonga saa moja wakasikia mlipuko wa kelele ukitoka katika nyumba moja. Kumbe mwenye nyumba alikuwa na televisheni ya zamani, naye huiwasha kila asubuhi saa hiyo! Alipoambiwa aliona haya sana, akaahidi kutoiwasha tena. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuhesabu tarehe.

Lakini sikutaka kuamini upesi, tena nilikuwa na mshitakiwa wangu mwingine. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna fundi wa kuchomelea mageti, na moto wake unawaka cheche siku nzima. Nilimwendea baba nikamwambia ndiye. Baba akaniuliza, "Huchomelea saa ngapi?" Nikasema mchana. "Na kengele hukataa saa ngapi?" Nikanyamaza, nikaenda zangu kutafuta redio.

Njia aliyonifundisha Mwalimu ni rahisi, na mtu yeyote mwenye redio ya mawe anaweza kuifuata. Unaiweka redio kwenye AM, masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, ukisikia ile sauti tupu ya upepo. Kisha unatembea nayo polepole nyumbani. Pale inapokoroma zaidi ndipo penye mashine ya kusaga. Ila alinionya: redio hiyo inasikia kelele za masafa ya chini, nazo kengele na rimoti ziko juu sana, kwa hiyo redio inaonyesha mtu wa kumshuku tu. Hukumu itatolewa na hatua.

Nilimwomba bibi redio ya babu. Alinipa bila kuniuliza neno.

Jambo la kwanza, kwa ruhusa ya baba, tulizima meni swichi. Kengele haikuweza kupimwa hapo, kwa sababu kipokezi chenyewe kinakula umeme wa ukutani, lakini redio inakula mawe. Koromo likakatika pale pale kama aliyezibwa mdomo. Basi adui hakuwa kwa jirani wala katika nyaya za barabarani, alikuwa ndani kwetu. Tukawasha tena, nikaanza kutembea. Sebuleni, karibu na televisheni, redio ilinung'unika kidogo. Jikoni hakuna kitu. Kwenye friji, tiki moja tu inapojiwasha. Nilipoingia ukumbini ilianza kunguruma, na chini ya taa yangu ikapiga kelele kiasi cha kumwamsha mtoto. Nikazima taa ile: kimya. Nikawasha: ngurumo. Nikazima tena: kimya.

Nikasikia sauti ya bibi kutoka chumbani: "Hiyo hiyo! Hiyo ndiyo niliyowaambia."

Na kweli alikuwa amekwisha kutuambia mwezi mzima kabla ya kuanguka. Ningalimsikiliza wakati ule badala ya kumcheka, kazi yote ingalikuwa ya dakika moja.

Nikapima hatua, saa ile ile ya usiku, taa ikiwa imezimwa. Zilikuwa 24. Ni nyingi kuliko 5, lakini si 41, nami nilitaka kujua zile nyingine zimekwenda wapi. Nikaichukua redio tena. Katika soketi ile ile ya ukumbini kulikuwa na ekstensheni, na juu ya ekstensheni, ubavuni mwa kipokezi, chaja ya simu ambayo dada yangu huichomeka kila jioni baada ya kazi na kuichomoa asubuhi. Nikaichomoa. Hatua zikawa 40. Ile moja iliyobaki nimeisamehe.

Mwalimu aliifungua balbu ile katika chumba cha maabara, ikiwa imekatwa umeme kabisa. (Asithubutu mtu kuifungua balbu iliyo juu ya dari, wala kugusa ndani ya meni swichi, sisi tuliinua na kushusha mkono wake tu.) Balbu ya zamani ya waya mwembamba huwaka kwa kupata moto, basi, haina fitina. Balbu ya LED inataka umeme mdogo unaokwenda upande mmoja, na kazi ya kuugeuza umeme wa volti 230 inafanywa na kijibao kilichofichwa ndani ya shingo yake. Katika balbu nyingi kijibao hicho kinaukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kila sekunde. Kila mkato mkali unazaa mawimbi, si ya mwendo ule tu bali na watoto wake na wajukuu wake, wakipanda juu mpaka mamilioni mengi ya mitikisiko kwa sekunde, na nyaya za nyumba zinawatangaza kama mlingoti wa redio. Mtengenezaji mwangalifu huweka koili ndogo na kapasita ili kuzizuia kelele zisitoke. Mwalimu alifungua balbu nyingine mbovu ya bei kubwa zaidi, akatuonyesha koili ile. Katika balbu yangu mahali pa koili palikuwa na kipande cha waya mtupu. Chaja za rahisi nazo zimefanywa kwa namna hiyo hiyo. Lakini bei peke yake si kipimo, alisema, maana ziko za ghali zinazokoroma na za rahisi zilizonyamaza.

Kwa hiyo nilipokwenda kununua balbu ya pili nilikwenda na redio ya babu. Mwenye duka, mzee mpole, alinitazama nikiizungusha redio chini ya balbu zake anazojaribia wateja, akauliza kama nasikiliza mpira. Nilipomweleza akataka kuzisikia zote, na tulikaa pale hata wateja wengine wakaanza kuchagua kwa masikio. Nilipata moja iliyokuwa kimya kabisa, nayo haikuwa ya bei ya juu kuliko zote.

Kipokezi tumekihamishia chumbani kwa wazazi, katika soketi yake peke yake, mbali na chaja na televisheni, maana kelele hupungua upesi ukienda mbali nayo, na hatua mbili za kuihepa zina faida kubwa. Tena kila siku saa mbili usiku, taa zote zikiwa zinawaka na chaja zimechomekwa, bibi hubonyeza kengele mara moja, na mama hujibu, "Nimesikia!" Mtu akitaka kuweka vyombo vya namna hii kwa mgonjwa au mzee, asivijaribu mchana mweupe akaridhika.

Limebaki lile jambo langu na bibi. Jioni ile ya redio sikuweza kulala bila kumwendea. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia, "Bibi, ulibonyeza mara saba, nami nilikuita mwongo mbele ya watu. Tena taa iliyokunyamazisha nililetwa mimi mwenyewe kuifunga. Nisamehe." Alikaa kimya kidogo, akilipapasa hogo lake.

Kisha akasema kwamba zamani babu alikuwa akirudi alfajiri kutoka ziwani, naye akisimama ufukoni humwita kwa sauti kumwuliza kama amepata samaki. Siku babu alipopanda mtumbwi wa injini kwa mara ya kwanza, alimwita, akamwita, na babu hakujibu. Alirudi nyumbani amekasirika, hakumpikia. "Kumbe ilikuwa injini," akasema. "Alikula michembe mikavu siku ile, maskini."

Nikamwuliza kama mimi nami nitakula michembe mikavu.

"Nenda kanifungie redio kwenye ile stesheni yangu, mume wangu," akasema. "Na uifunge vizuri."